Mikono ya Mtoto Asiyeona

Mama anaingia chumbani, anaita. Mtoto wa miezi minne aliyekuwa akirusha miguu anatulia tuli. Hageuzi uso, hacheki. Moyo wa mama unashuka: huyu mwana hanitaki? Kumbe anamsikiliza kwa mwili mzima.

Utulivu huo umewaumiza wazazi wengi wa watoto wasioona. Selma Fraiberg, mtafiti wa Marekani, aliwafuatilia watoto wa aina hiyo mjini Ann Arbor, kisha akaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1977. Uso wao ulisema machache, mikono ikasema mengi. Vidole vilivyopapasa hewani vilikuwa vikimtafuta mama, au kichezeo kilichoponyoka punde. Wazazi walioelekezwa kuitazama mikono walianza kumwelewa mtoto, nao wakazidi kumsemesha.

Fraiberg aliona pia kwamba watoto hao huchelewa kutambaa, ingawa mgongo na magoti yameshapata nguvu. Anayeona huvutwa na kikombe chekundu kilicho mbele yake. Asiyeona lazima kwanza ajue kwamba kile kinacholia pale kinashikika, na hilo humjia karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Ndiyo maana njuga huwekwa kwanza mkononi mwake, aitikise, ailambe, aizoee. Baadaye ndipo inalizwa kando kidogo, aifuate.

Nchini Denmark, mwalimu Lilli Nielsen, aliyekulia na ndugu wasioona, alibuni chumba kidogo mfano wa kisanduku kisicho na sakafu. Mtoto hulazwa ndani yake, vitu vikining'inia juu na kando. Kijiko kikimponyoka hakipotei: akinyoosha mkono tena, anakikuta palepale. Kwa mtoto ambaye kila kinachoanguka ni kama kimefutika duniani, hilo ni jambo kubwa. Nyumbani, mwiko, kifuu cha nazi na kikombe cha bati vinatosha kuanzia, mradi viwe safi na visiwe na ncha.

Kumpeleka mtoto hospitali nako hakungoji. Mboni ikionekana nyeupe, mtoto apelekwe upesi, maana huenda ni mtoto wa jicho au hata saratani. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, lakini ukichelewa, ubongo hukosa kujifunza kuona hata jicho likishatengenezwa. Nchini Tanzania, hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi hutibu macho ya watoto. Kenya ina vituo vya tathmini, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambako mzazi hupata ushauri kuhusu malezi na elimu ya mtoto mwenye ulemavu.

Na watoto wengi wanaoitwa wasioona huona kidogo: mwanga wa dirisha, au kanga yenye rangi kali. Hicho kidogo kitumiwe.

Mengine ni ya kila siku. Bibi akija kumbeba mtoto, ajitaje kwanza na kumgusa bega, asimnyanyue ghafla. Wakati wa kuoga, mkono wa mtoto hutiwa majini kabla ya mwili, huku akiambiwa, "Haya, maji."