Unapohamisha akiba yako, usiitoe mkononi

[MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Karibu, wewe uliye Base Camp, Juru na Rubondo, na wewe unayetusikia ukiwa Kabingo. Leo tunaongea juu ya akiba, hasa siku ile unapotaka kuitoa ilipo na kuipeleka pengine.

Tuseme una shilingi 400,000 kwenye simu. Ni ada ya watoto. Unataka kuziweka benki kule Mbarara. Wengi wetu hufanya hivi: tunaenda kwa wakala, tunatoa zote, tunazifunga kwenye kitenge, tunapanda gari, tunapita Kabingo hadi mjini. Ukiibiwa njiani, ada imekwenda. Na hata ukifika salama, umeshakatwa.

Umekatwa nini? Mwezi wa 7 mwaka 2018, Serikali ya Uganda ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa za simu: ukiweka, ukituma, ukitoa. Watu walilalamika sana. Kabla mwaka huo haujaisha, sheria ilibadilishwa. Ikabaki asilimia 0.5, na ni pale tu unapotoa pesa mkononi. Kwa 400,000, kodi hiyo ni shilingi 2,000. Juu yake kuna makato ya kampuni ya simu.

Kumbe kutuma hakuna kodi hiyo. Unaweza kutuma kutoka simu moja kwa moja hadi akaunti yako, au kutoka laini yako ya MTN hadi laini yako ya Airtel. Utalipa makato ya kutuma tu. Uliza ni kiasi gani kabla ya kubonyeza. Na siku utakayotoa pesa dirishani benki, ile asilimia 0.5 haipo, ingawa benki inaweza kuwa na makato yake. Benki ikikupa riba, kodi ya asilimia 15 hukatwa kwenye riba peke yake. Akiba uliyoweka haiguswi.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Je, unahamia wapi? Uliza nani anailinda. Benki, na taasisi za fedha ndogo zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Uganda, kama UGAFODE iliyofungua tawi hapa Nakivale mwaka 2020, zimo katika mfuko wa kulinda amana. Taasisi ikifungwa, mfuko huo humlipa kila mteja hadi shilingi milioni 10. SACCO na sanduku la kikundi havimo. Huko ulinzi wako ni viongozi waaminifu, daftari lililo wazi na funguo zilizo kwa watu tofauti.

Kama akiba yako iko kwenye sanduku la kikundi, usikurupuke. Soma katiba yenu. Ukitoka katikati ya mzunguko unaweza kukosa faida, na mkopo wako lazima uulipe kwanza. Mara nyingi ni heri kungoja siku ya kugawana.

Sasa hatua zenyewe.

Kwanza, fungua akaunti mpya kabla ya kugusa ile ya zamani. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi au hati ya familia kutoka OPM.

Pili, angalia jina. Je, laini yako imeandikishwa kwa jina lako? Kama ni jina la jirani au la mwenye duka, basi mbele ya kampuni pesa hizo ni zake. Mkigombana, au akihama, utadai kwa karatasi gani? Rekebisha hilo kwanza.

Tatu, jaribu na pesa kidogo, labda 5,000. Ngoja ujumbe. Uliza salio upande wa pili. Zikiwa zimefika, tuma zilizobaki.

Nne, usifute ujumbe wa kutuma. Huo ndio ushahidi wako.

Tano, namba yako ya siri usimpe mtu, hata wakala anayekusaidia. Kama huoni vizuri au hujui kusoma, nenda na mtoto wako au ndugu unayemwamini.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, shika simu yako uulize laini hiyo iko kwa jina la nani. Anza hapo.

[MUZIKI WA KUFUNGA]