Setilaiti Inavyopima Bahari

Maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku, na mawimbi hayatulii. Je, twawezaje kujua kama bahari ya dunia nzima inapanda?

Mwezi wa Agosti 1992, Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iitwayo TOPEX/Poseidon. Setilaiti hiyo iliizunguka dunia kwa kimo cha kilometa 1,336 hivi, ikipima bahari kwa rada.

Ukipiga kelele mbele ya jabali kubwa, sauti yako hurudi. Huo ni mwangwi. Rada hufanya kazi vivyo hivyo, ila hutumia mawimbi ya redio, ambayo husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Mawimbi hayo hutoka kwenye setilaiti, hugonga maji na kurudi. Muda wa safari hiyo ukipimwa, umbali hujulikana. Bahari ikipanda, umbali hupungua.

Kipimo kimoja hakitoshi. Kwa hiyo setilaiti hurudia njia yake kila baada ya siku 10 hivi, na wataalamu hutafuta wastani wa vipimo vingi. Setilaiti ya pili, Jason-1, iliporushwa mwaka 2001, zote mbili zilipima pamoja kwa miezi kadhaa ili vipimo vyao vilinganishwe. Setilaiti nyingine zimeendeleza kazi hiyo.

Tangu mwaka 1993, wastani wa usawa wa bahari umepanda kwa sentimeta 10 hivi, na kasi imeongezeka. Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, dunia inazidi kupata joto, na maji yakipata joto hutanuka. Pili, barafu iliyo juu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, inayeyuka na maji yake huingia baharini. Joto hilo huongezwa hasa na hewa ya kabonidayoksaidi itokanayo na kuchoma mafuta na makaa ya mawe.

Pima sentimeta 10 kwa rula yako. Waweza kudhani ni kidogo. Lakini penye pwani tambarare, maji yakipanda kiasi hicho hufika mbali. Maji ya chumvi huweza kuingia visimani na mashambani.

Jaribio

Jaza chupa maji yenye rangi. Izibe kwa kizibo chenye mrija mwembamba, maji yaonekane ndani ya mrija. Weka alama yanapofikia. Mwombe mwalimu aiweke chupa katika maji ya moto. Ngoja kidogo, kisha tazama mrija.

Maswali

1. Maji katika mrija yamefanya nini? Kwa nini?
2. Kwa nini kipimo kimoja cha bahari hakitoshi?
3. Taja sababu mbili kubwa za bahari kupanda.