Programu ya Simu Nayo Ina Msimu Wake: Lini Ubadilishe Zana, Lini Usubiri

Vijana wanaounda programu za simu hapa Pwani wameongezeka. Wako wanaozitengenezea hoteli za Watamu na Diani mifumo ya kuwekesha vyumba, wako wanaovitengenezea vyama vya akiba na mikopo, na wako wanaosaidia madrasa na wauza samaki. Wengi wao hawaandiki programu mbili, moja ya Android na nyingine ya iPhone. Huandika moja tu kwa zana kama Flutter ya Google au React Native iliyoanzishwa na Meta, na zana hiyo huitoa kwa simu zote mbili. Kazi hupungua, gharama hushuka, na mwenye biashara ndogo naye huweza kumudu.

Lakini urahisi huo una deni lake. Ukijenga juu ya zana ya mwingine, ratiba yako nayo huwa mkononi mwake. Kila baada ya miezi michache hutoka toleo jipya, na swali huwa lile lile: tubadilishe sasa au tungoje? Anayekimbilia kila toleo hukesha akirekebisha kilichokuwa kikifanya kazi vizuri. Asiyebadilisha kabisa huamka siku moja akakuta wateja wapya hawaioni programu yake dukani. Kati ya hayo mawili iko njia, na haihitaji ubingwa. Yahitaji kujua nani anayepanga tarehe, na kuyapima yaliyo mbele yako.

Tarehe zisizojadilika

Jambo la kwanza ni kutenganisha matoleo unayoweza kuyasubiri na yale usiyoweza. Wenye maduka ya programu, Google na Apple, huweka tarehe, na tarehe hizo hazimngoji mtu.

Google Play hupandisha kiwango chake kila mwaka. Tangu tarehe 31 Agosti 2025, programu mpya na masasisho yote yanatakiwa yalenge Android 15. Programu ya zamani ambayo haijafikia hata kiwango cha Android 14 haifutwi, na aliyekwisha kuiweka kwenye simu yake anaendelea nayo. Ila mteja mpya mwenye simu ya Android mpya kuliko kiwango hicho akiitafuta, haioni. Mwenye hoteli huenda asitambue chochote, kwa sababu kwenye simu yake mwenyewe programu ipo. Atashangaa tu kwamba wageni wapya hawaji. Kisha tangu tarehe 1 Novemba 2025 likaongezeka sharti jingine: programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu yaweze kufanya kazi kwenye simu zinazogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16. Kwa anayetumia React Native, sharti hilo linatimizwa kikamilifu kuanzia toleo la 0.77. Aliyebaki nyuma sana hakuwa na hiari tena.

Kwa upande wa Apple, kuanzia tarehe 24 Aprili 2025 kila programu iliyopelekwa dukani kwao ililazimika kujengwa kwa Xcode 16 au mpya zaidi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu Xcode 16 haikubali kompyuta yoyote ile. Inataka mfumo wa macOS Sonoma 14.5 kwenda mbele, na MacBook Pro ya mwaka 2017 haiupokei mfumo huo. Kijana aliyejinunulia Mac iliyotumika kwa akiba yake anaweza kukuta kwamba sasisho dogo la programu limegeuka kuwa gharama ya kompyuta nzima. Kwa hivyo kabla ya kununua Mac ya mkono wa pili, usiulize kama inawaka na betri inakaa. Uliza inafika mfumo gani.

Bei ya kuchelewa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfano mzuri ni Flutter. Mnamo Machi 2021, lugha yake, Dart, ilileta utaratibu wa kumtaka mwandishi aseme mapema ni sehemu gani katika programu inaruhusiwa kuwa tupu na ipi hairuhusiwi. Faida yake ni kubwa, maana programu nyingi huzimika ghafla kwa kutafuta kitu mahali pasipo na kitu. Utaratibu huo haukulazimishwa siku ile. Mtu aliweza kuhamisha faili moja leo na jingine wiki ijayo, na kulikuwa na chombo maalumu cha kumsaidia.

Mei 2023 likatoka Dart 3, na mlango ukafungwa. Msimbo wa mtindo wa zamani haukukubaliwa tena, na hata kile chombo cha kuhamishia hakikuwemo. Aliyekuwa ameifanya kazi kidogo kidogo kwa miaka miwili alipita bila kelele. Aliyengoja alilazimika kurudi kwenye toleo la zamani, ahamishe programu nzima kwa mpigo, abadilishe na vifurushi vyote alivyovitegemea, ndipo aendelee. Kazi ilikuwa ile ile, ila ya kwanza ilifanywa kwa nafasi na ya pili ilifanywa kwa pumzi za juu juu.

Xamarin ni somo kali zaidi. Zana hiyo Microsoft iliinunua mwaka 2016, na kampuni nyingi ziliitegemea. Mei 2022 Microsoft ikatoa mrithi wake, .NET MAUI, na tarehe 1 Mei 2024 ikaacha kuihudumia Xamarin. Programu zilizojengwa kwayo hazikufa siku hiyo. Lakini masharti ya maduka yaliendelea kupanda huku zana ikiwa imesimama. Hapo huzungumzii tena kupandisha toleo, unazungumzia kuhama nyumba. Ishara ya kuhama ilikuwa imetolewa miaka miwili kabla.

Bei ya kuwahi

Yule anayesema "mimi hutumia kipya siku kinapotoka" naye asijione salama. Tarehe 8 Septemba 2025, mdukuzi alimhadaa mtunzaji mmoja wa vifurushi vya JavaScript, akaingia kwenye akaunti yake na kutoa matoleo yenye sumu ya vifurushi kama chalk na debug, ambavyo hupakuliwa kwa mamilioni kila wiki. Lengo lilikuwa kuiba sarafu za kidijitali. Matoleo hayo yalikaa hewani kama saa mbili hivi kabla ya kuondolewa. Aliyeumia si aliyekuwa nyuma kwa mwezi mmoja. Aliyekuwa hatarini ni yule ambaye mitambo yake ilivuta kipya dakika ile ile.

Hata pasipo mdukuzi, zana mpya huja na vifurushi vya zamani. React Native ilipofanya muundo wake mpya uwe ndio wa kawaida katika toleo la 0.76, Oktoba 2024, programu nyingi zilikuwa na kifurushi hiki au kile kilichokuwa hakijajiweka sawa. Anayengoja wiki kadhaa huwakuta waliotangulia wamekwisha kuvumbua hitilafu, na marekebisho yametoka.

Ila kungoja huku kuna jambo moja lisiloingia ndani yake, nalo ni mwanya wa usalama unaojulikana. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika libwebp, kifurushi cha kusomea picha, na tayari kulikuwa na watu wakiitumia kwa uovu. Chrome na Firefox zilirekebishwa haraka. Electron, zana ya kujengea programu za kompyuta za mifumo yote, nayo ilitoa matoleo yaliyorekebishwa, na kila programu iliyojengwa kwayo ikabidi ijengwe upya. Hapo hakuna "tusubiri wengine waonje". Marekebisho ya usalama huingizwa siku hiyo hiyo, baada ya majaribio mafupi.

Soma nambari kabla ya kubonyeza

Matoleo mengi huandikwa kwa nambari tatu. Ya mwisho ikipanda, kwa kawaida ni marekebisho madogo, na hayo yaingize mapema. Ya kati ni nyongeza. Ya kwanza ikipanda, tarajia kuvunjika kwa kitu. Usiiamini kanuni hii kwa upofu, hata hivyo. React Native bado huanza na sifuri, kwa hivyo nambari ya kati ndiyo yenye uzito. Flutter nayo huweza kubadilisha mambo mazito kwa nambari ya kati. Soma maelezo ya toleo, hasa sehemu inayotaja yaliyoondolewa.

Kisha jiulize maswali manne. Je, kuna tarehe ya duka inayokaribia? Je, kuna mwanya wa usalama? Je, toleo nililonalo bado linahudumiwa? Je, vifurushi ninavyovitegemea, hasa vya malipo na ramani, vimekubali toleo jipya? Ukiwa na "ndiyo" katika mawili ya mwanzo, au "la" katika la tatu, kazi ianze. Ikiwa ni la nne tu linalokuzuia, ngoja, lakini weka tarehe ya kuangalia tena. Ikiwa hakuna tarehe, usalama uko sawa na huduma ipo, kipya kitakusubiri.

Usipandishe jahazi wakati wa safari

Wazee wetu wa bahari hawakukalafati jahazi katikati ya safari. Bahari ikichafuka kwa kusi, chombo kilipandishwa pwani, kikazibwa nyufa, kikapakwa sifa na deheni, hata kaskazi ikivuma kiko tayari. Programu nayo ina msimu. Ya hoteli isiguswe Desemba wala wiki ya Idi. Ya ada za shule isibadilishwe shule zinapofunguliwa. Masika, wageni wanapopungua, ndio wakati wa mwenye hoteli kuyafanya makubwa, na bado inabaki miezi kabla ya Agosti, mwezi ambao Google imezoea kuuwekea masharti yake.

Siku ya kazi ikifika, fanya kwenye tawi la pembeni na iache ile inayotumika kama ilivyo. Panda ngazi moja moja. Usiruke matoleo matano kwa pamoja, maana pakivunjika hutajua ni lipi lililovunja. Jaribu kwenye simu za bei nafuu ambazo wateja wako wanazo, si simu yako nzuri peke yake. Fanya malipo halisi ya M-Pesa ya kiasi kidogo, mwanzo hadi mwisho. Halafu toa kwa wachache kwanza: Google Play hukuruhusu kuanza na asilimia ndogo ya watumiaji, na Apple husambaza kwa awamu ya siku 7. Tahadhari hii ina sababu. Ukigundua kosa unaweza kusimamisha usambazaji, lakini aliyekwisha kulipokea toleo bovu huwezi kumrudisha nyuma. Utamtolea jingine juu yake.

Kwa wenye biashara

Neno la mwisho si la mafundi, ni la wanaowalipa. Wengi hununua programu kama anayenunua meza: lipa, chukua, kwaheri. Meza haibadilishiwi sheria na aliyeuza mbao. Programu hubadilishiwa kila mwaka. Ukiagiza, andikeni katika mkataba ni nani atakayepandisha matoleo, mara ngapi kwa mwaka, na kwa malipo gani. Akaunti ya dukani iwe kwa jina la biashara yako, na nakala ya msimbo iwe mkononi mwako, ili fundi akihamia Nairobi au Doha kazi isihame naye.

Na fundi asiyedai malipo ya matengenezo asidhani anamfanyia mteja hisani. Mwaka wa pili ukifika hana anayemlipa, programu imezeeka, na chama cha akiba chenye wanachama mia mbili kinabaki na kitu ambacho mwanachama mpya hawezi kukiweka kwenye simu yake. Hapo hasara si ya msimbo. Ni ya watu walioambiwa kwamba pesa zao wataziona humo.