Mgongo Imekushika? Kabla Ukimbilie Piksha na Tembe, Soma Hii

Unajua ile asubuhi. Unainama uvae viatu, alafu kitu inashika hapo chini ya mgongo, unaganda. Unafika stage ukitembea kama guka, makanga anakucheka. Job nayo kila msee ako na jibu: huyu anasema ni figo, yule anasema ni baridi, mwingine ashakuelekeza kemisti ya mtaani inauza tembe kali.

Tulia kwanza. Hii story ya mgongo imefanyiwa utafiti noma, na sio kwa maspesholisti peke yao. Watafiti walienda pale wewe na mimi huanzia, kwa daktari wa kawaida wa kliniki. Na vile walipata, hata madaktari walibaki wakikuna kichwa.

Kwanza hauko solo. Mwaka wa 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hesabu inasema watafika milioni 843 ikifika 2050. Kwa wengi wao, karibu tisa kwa kila kumi, daktari hawezi kunyoosha kidole aseme "hii hapa ndio inauma". Haimaanishi unajifanya. Uchungu ni ya ukweli, ni vile tu haina picha yake.

Sasa tembe. Mwaka wa 2014 watafiti wa Sydney, Australia, walichukua watu zaidi ya 1,600 wenye mgongo umewashika juzi juzi. Wengine walipewa paracetamol kila siku, wengine wakihitaji tu, na wengine tembe haina dawa yoyote ndani, bila kujua. Wale wa dawa walipona kwa siku 17. Wale wa tembe tupu? Siku 16. Eeh, umesoma poa.

Labda unasema paracetamol ni ya watoto, wewe unataka ile kali. Hiyo pia walipima. 2023, hapo hapo Sydney, watu 347 wenye mgongo ama shingo, nusu walipewa opioidi, hiyo familia ya morphine na tramadol. Wiki sita baadaye hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na wale wa tembe tupu. Baada ya mwaka mmoja, wale wa opioidi ndio walikuwa na uchungu zaidi kidogo, na hatari yao ya kutumia dawa vibaya ilikuwa juu. Kwa hivyo mtu akikuuzia tramadol chini ya kaunta juu ya mgongo, jua anakuuzia shida ingine.

Piksha nayo? MRI inakula maelfu, na wengi tunaamini bila hiyo daktari anabahatisha tu. Lakini kuna watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi na chochote. Kwa wale wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zimeanza kuchakaa. Kwa wa miaka 80, asilimia 96. Yaani picha inaweza kuonyesha "kasoro" kwa mse anacheza boli kila wikendi. Alafu ukishaambiwa diski yako imechakaa, unaanza kujibeba kama yai. Unaacha kuinama, unaacha mazoezi, na hapo ndio mgongo inakazana zaidi.

Lakini usinichukulie vibaya, kuna siku piksha ni lazima. Miguu ikianza kuishiwa nguvu, mkojo ama choo ikikataa kutoka ama ikitoka bila ruhusa, ukihisi ganzi kwa sehemu za siri, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Pia kama umeanguka vibaya na nduthi, kama umewahi kuwa na saransa, ama una homa. Na hapa kwetu kuna TB, ambayo hukaa hata kwa uti wa mgongo: ukikonda bila sababu na ulowe jasho usiku, usingoje.

Kama hauna hizo dalili, ile kitu inasaidia ni ile hakuna mtu anataka kusikia: usilale kitandani wiki nzima. Songa polepole, enda job ukiweza, weka kitu ya moto kwa mgongo. Wasee wengi hupona ndani ya wiki chache.

Shida ni vile inarudi. Hapo ndio utafiti wa 2024 umenibamba. Watu 701 waliokuwa wametoka kupona waligawanywa. Wengine wakaanzishiwa mpango wa kutembea, wakiongeza pole pole mpaka dakika 30 mara tano kwa wiki, na fizio wa kuwafuatilia. Wengine wakaachwa vile walikuwa. Wale hawakutembea, mgongo ilirudi baada ya kama siku 112. Wale wa kutembea, siku 208.

Dakika 30 ni kama kutoka tao mpaka Ngara, ukatize River Road bila kusimama kwa mtumba. Mimi naanzanga na kushuka stage moja kabla ya yangu. Mfuko pia inashukuru.