Jeni Ilitua Wapi?

Mahindi ya kustahimili ukame ya mradi wa WEMA yalipopandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, watu wengi waliulizia asili ya jeni iliyopandikizwa. Ilitoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, na habari hiyo peke yake ilitosha kuwatia watu hofu. Kwa maoni yangu, swali zito zaidi ni jingine: jeni hiyo ilitua wapi? Jenomu ya mahindi ina kromosomu 10 na herufi za vinasaba zipatazo bilioni 2.3. Kwa njia zilizotumika kwa miaka mingi, yaani bunduki ya jeni au bakteria Agrobacterium, mtaalamu hachagui pa kuitua. Mahindi ya MON 810, yanayozuia bungua, yalitengenezwa kwa bunduki. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kipande kilichopandikizwa kilipoteza mkia wake, sehemu ile inayoiamuru seli ikome kuisoma jeni.

Watetezi wa teknolojia hii hujibu kwamba jenomu ya mahindi haijawahi kutulia. Ni kweli. Barbara McClintock alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983 kwa kugundua jeni zinazohamahama ndani ya mahindi, na leo tunajua kuwa takriban asilimia 85 ya jenomu hiyo ni vipande vya aina hiyo. Tena maabara hutengeneza mimea mingi, ikachuja yenye kasoro na kubakiza michache. Lakini mchujo hauoni kila kitu. Mwaka 2017 watafiti wa India walieleza yaliyowapata walipohamishia jeni zilizopandikizwa katika mpunga wa dhahabu, wa toleo la GR2-R1, kwenye mbegu yao ya Swarna kwa njia ya kuzalisha mimea. Mimea ilidumaa, majani yakapauka, mavuno yakashuka. Kipande kilikuwa kimetua ndani ya OsAux1, jeni ya mpunga wenyewe inayosaidia kusafirisha homoni ya ukuaji. Kurudia kuzalisha hakukuweza kuondoa kasoro hiyo, kwa sababu kasoro na jeni iliyotakiwa vilikuwa mahali pamoja.

Mpinzani atasema basi tuache kabisa. Sikubaliani naye, maana kasoro ile ilionekana kwa sababu mbegu ilipandwa na kupimwa. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliposimamisha majaribio ya Makutupora na kuagiza masalia yateketezwe, tulipoteza nafasi ya kuona jeni ile inavyotenda katika udongo wetu. Kuzuia majaribio hakuzuii nafaka kuvuka mpaka, hasa baada ya Kenya kuondoa marufuku yake Oktoba 2022. Hapo ndipo mahali pa kutua panapomhusu hata muuza unga wa Kariakoo. Kila tukio la kupandikiza huacha mshono kwenye kila ncha ya kipande: upande mmoja herufi za jeni ngeni, upande wa pili herufi za mahindi yenyewe. Maabara ikiujua mshono huo, inaweza kuutafuta ndani ya unga na kutaja ni toleo gani hasa. Mkemia Mkuu wa Serikali tayari anapima vinasaba vya binadamu. Fani hiyo si ngeni kwetu. Kwa hiyo kila ombi la kibali lije na ramani ya mishono yote miwili, iwekwe wazi kwa wataalamu wetu, na jeni ijaribiwe ndani ya mbegu tunazolima, kama Staha na Situka, kabla ya mtu yeyote kusema ni salama au ni sumu.