Kuipambanua Sauti ya Mungu: Fundisho kutoka Nyanda za Juu za Njombe

Miongoni mwa Wakristo wa Makete, Njombe na Makambako, wawe Wakatoliki, Walutheri au waumini wa makanisa ya Kipentekoste, ni wachache wanaotilia shaka kwamba Mungu husema na watu wake hata leo. Linalowatatiza wengi ni namna ya kuitambua sauti hiyo inapochanganyika na hofu, tamaa, ndoto za usiku na maneno ya wahubiri. Swali hilo si la wanateolojia peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba Njombe ilikuwa na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 14.8, kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi, akiambiwa katika maombi kwamba ameshapona na azitupe, uhai wake hutegemea upambanuzi wake mwenyewe.

Upambanuzi wa roho, ambao Wakatoliki wengi huuita pia mang'amuzi, ni ile kazi ya kuchunguza kwa sala na kwa akili mahali linapotoka wazo au msukumo fulani, kama ni kwa Mungu, kwa moyo wa mtu mwenyewe, au kwa yule mwovu. Maandiko hayamwachii mwamini kazi hiyo aifanye peke yake. Samweli aliitwa mara tatu akidhani anaitwa na Eli, na ni Eli huyo huyo, kuhani aliyeshindwa hata kuwazuia wanawe, aliyemfundisha jinsi ya kuitika. Jambo hilo linaonyesha kwamba msaada wa kupambanua waweza kutoka kwa mzee ambaye mwenyewe ana mapungufu yake. Waraka wa kwanza wa Yohana, katika sura ya nne, unawaagiza waamini wazijaribu roho badala ya kuziamini zote, na Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, anakataza unabii usidharauliwe na papo hapo anataka kila jambo lipimwe.

Aliyeyapanga mafundisho hayo kwa utaratibu unaofuatwa zaidi katika Kanisa Katoliki ni Ignasi wa Loyola, askari wa Kihispania aliyejeruhiwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521, ambaye akiwa kitandani aligundua kwamba ndoto za sifa za kijeshi zilimfurahisha kwa muda kisha zikamwacha mkavu, ilhali mawazo ya kuwaiga watakatifu yalimwachia amani iliyodumu. Kutokana na hayo alitofautisha hali mbili: faraja, yaani hali ambayo imani, matumaini na upendo huongezeka moyoni, hata kama mtu analia, na ukiwa, yaani giza na uzito unaomfanya mtu ajione ametengwa na Mungu. Kanuni yake moja ingefaa ijulikane na kila mwimba kwaya na kila mzee wa kanisa: mtu aliye katika ukiwa asibadili uamuzi alioufikia akiwa na amani. Inafaa kuongeza kwamba faraja si msisimko, kwa maana vipaza sauti na ngoma za mkesha vinaweza kuleta msisimko bila kumsogeza mtu hatua moja kuelekea upendo.

Watu wa Ikonda wana mfano ulio karibu nao zaidi, ingawa ulianzia Italia. Hospitali ya Konsolata Ikonda, iliyojengwa miaka ya 1960 katika milima ya Makete iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kazi ya shirika lililoanzishwa na padri wa Torino, Yosefu Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Wazo la kuanzisha shirika la wamisionari alikuwa nalo tangu mwaka 1891, lakini lilikwama kwa kukosa kuungwa mkono na wakubwa wake, naye akangoja. Mwezi Januari mwaka 1900 aliugua hadi kukaribia kufa, akapona. Mwingine angeutangaza uponyaji huo kuwa amri ya Mungu na kuanza kazi siku ile ile. Allamano alimwandikia barua askofu mkuu wake, Agostino Richelmy, rafiki yake wa tangu seminari, na kabla ya kuipeleka aliiweka altareni wakati wa misa, tarehe 24 Aprili. Shirika lilianzishwa mwaka 1901, wamisionari wa kwanza wakaenda Kenya mwaka 1902, na Tanganyika wakafika mwaka 1919. Miaka tisa ya kungoja haikuliua wazo lile, na huenda hicho ndicho kipimo ambacho Wakristo wa leo hukipuuza zaidi, kwa kuwa wengi hudhani kwamba anayechelewa kutii amekwisha kuasi.

Tukio la Loliondo linaonyesha ugumu wa upande wa pili. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, kunywa kikombe cha dawa ya mti kutoka kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na viongozi wa serikali nao walikunywa. Bei ilikuwa shilingi 500 tu, na wengi waliona hali hiyo kuwa ushahidi wa kutosha. Lakini kukosa tamaa ya fedha huonyesha unyofu wa msemaji, hakuthibitishi ukweli wa alichokisikia. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea. Baadhi ya waliokunywa waliacha dawa za kufubaza virusi, na hapo ndipo mti ulipopaswa kupimwa kwa matunda yake, kama inavyofundisha Injili ya Mathayo katika sura ya saba.

Mambo mengi ya kupambanua ni madogo kuliko hayo. Kijana wa Kikinga wa huko Makete anayejiuliza kama aende Makambako kufungua duka au abaki na mashamba ya viazi na miti ya mbao hahitaji kusubiri maono. Anaweza kuwasikiliza wazazi wake, kuhesabu mtaji, kulipeleka jambo kwenye jumuiya ndogo ndogo, na kila jioni kutumia robo saa kuipitia siku yake mbele za Mungu, akitazama ni wapi alivutwa kwenye wema na wapi alivutwa kwingine. Baada ya majuma kadhaa mwelekeo huanza kuonekana. Jumuiya nayo isigeuzwe mahakama, kwani ndugu wanaomfahamu mtu vizuri wanaweza pia kumtakia yale wanayoyataka wao.

Kwa mgonjwa, kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, kinaeleza katika sura ya 38 kwamba tabibu ameumbwa na Bwana na dawa hutoka katika ardhi aliyoiumba. Kwa hiyo sauti inayomtaka mtu achague kati ya Mungu na daktari inastahili kushukiwa tangu mwanzo. Aliyeombewa na kuamini kwamba amepona hapunguzi imani yake akiendelea kumeza dawa na kurudi kliniki kwa tarehe aliyopangiwa. Naye ajue kwamba kipimo cha wingi wa virusi kinapoonyesha kuwa havionekani, maana yake ni kwamba dawa imevifubaza, si kwamba vimetoka mwilini, na akiziacha dawa hizo, kwa kawaida virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache.