Ruzuku ya mbolea: uliza jina la nani liko kwenye daftari kabla hujatuma hela

Msimu wa kupanda ukikaribia, simu za nyumbani huanza kuingia: mbolea imepanda, tuma chochote. Wengi wetu hapa London, tunaosafisha mahoteli, tunaotunza wazee na tunaobeba zege saiti, tunatuma tu. Hatuulizi kama mbolea hiyo inanunuliwa kwa bei ya duka au kwa bei ya serikali.

Tofauti si ya kupuuza. Kenya, Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Mwaka 2023 ukashuka tena hadi 2,500. Kwa mifuko kumi, punguzo la kwanza peke yake ni shilingi 30,000. Tanzania, msimu wa 2022/23, DAP na urea ziliuzwa kwa wakulima waliojisajili kwa takriban shilingi 70,000 mfuko, wakati bei ya soko ilikuwa imeshapita laki moja.

Nani anapata?

Ruzuku haimfuati anayetuma hela. Inafuata jina lililoandikwa. Kenya, mkulima anaandikishwa kupitia chifu na wasaidizi wake: kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Baadaye ujumbe unaingia kwenye simu hiyo, kisha anakwenda kuchukua mifuko kwenye ghala la NCPB. Tanzania, anajisajili kijijini na kununua kwa wakala kwa namba yake ya usajili.

Hapo ndipo hela yetu inapovuja. Mama ndiye anayelima, ila aliyejiandikisha ni kaka anayeishi mjini. Ujumbe unaingia kwa kaka, mama ananunua dukani kwa bei kamili, na anayelipa ni wewe.

Na daftari lenyewe huandikwa na watu wenye jamaa zao. Mfumo wa vocha za pembejeo wa Tanzania, ulioanza 2008, ulichunguzwa mkoani Kilimanjaro na Lei Pan na Luc Christiaensen. Mwaka 2012 walichapisha walichokuta: karibu asilimia 60 ya vocha ziliishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa.

Tusidhani ni mambo ya kwetu tu. Hapa England, kuanzia 2015 hadi 2023, wakulima walilipwa kwa ukubwa wa ardhi. Mwenye hekta nyingi alipata nyingi, na mwenye chini ya hekta tano hakuruhusiwa hata kuomba. Kibarua anayechuma matunda Kent hakuwa na fungu lake. Tofauti ni kwamba huku majina ya wengi wa waliolipwa, na kiasi walichopata, yaliwekwa wazi kwenye intaneti. Kijijini kwetu, inabidi uulize mwenyewe.

Kabla hujatuma, uliza haya:

1. Nani amesajiliwa kwa shamba letu, na kwa namba gani ya simu? Namba iwe ya anayelima, na laini iwe hewani.
2. Ukubwa ulioandikwa ni wa kweli? Idadi ya mifuko inategemea hapo.
3. Ujumbe wa serikali umeshaingia? Omba picha yake. Tuma kiasi cha mifuko hiyo, pamoja na nauli ya kuibeba.
4. Risiti iko wapi? Mwaka 2024 Kenya iligundulika kuwa mbolea isiyofaa iliuzwa hadi kwenye maghala ya umma, na serikali ikaahidi kuwafidia walionunua. Asiye na risiti atadai kwa lipi?

Kama jina si sahihi, mwenye shamba aende kwa chifu au ofisi ya kijiji mapema, maana wakati wa mvua foleni ni ndefu. Usimgombeze mtu kwa simu. Mwambie mama kwa upole: "Mama, nataka jina lako liwepo." Hela utakayookoa iweke pembeni iwe ya mbegu ya msimu ujao. Overtime ya Jumapili ni ngumu. Isiishie kulipia mfuko ambao ungepatikana kwa nusu bei.